Kijapani cha Mezani

Niseme wazi tangu mwanzo: Kijapani sikijui. Watu wa kwetu Voi wakinisikia kwenye simu nikitamka maneno mawili matatu hupiga vigelegele, na mama mdogo huwaita majirani waje wasikie, eti binti yetu ameshakuwa Mjapani huko Qatar. Nawaacha wafurahi. Ninachokijua mimi ni Kijapani cha mezani tu, na hata hicho ni cha upande wa yule anayesimama na trei.

Nilikipata kazini, kwenye mkahawa wa Kijapani ulio ndani ya hoteli moja hapa Doha. Meneja wetu ni mama wa Kijapani, mwembamba, mwenye macho yanayoona doa kwenye glasi kabla wewe hujaiona glasi yenyewe. Nilipoanza kazi alitupanga mstari, mimi na Wanepali na Wafilipino, akatuambia kwa Kiingereza kwamba wateja wake wengi ni Wajapani waliokuja kufanya kazi za gesi. Wako mbali na kwao, akasema, na wakivuka mlango huu lazima wajisikie wamefika mahali panapowaheshimu. Halafu akaanza kutufundisha jinsi ya kumwinua mteja.

Maana kwa Kijapani heshima haikai kwenye salamu peke yake. Inaingia mpaka ndani ya kitenzi. Mteja hali chakula kama ninavyokula mimi, jamani. Kula kwake kuna neno lake linalompandisha, na kula kwangu kuna neno lingine linalonishusha. Akija, kuja kwake ni kwa kifalme; nikienda mezani kwake, kwenda kwangu ni kwa kujikunja. Kuona, kusema, kupokea, kuwepo mahali, vyote vina ngazi ya juu na ngazi ya chini, na ole wako ukosee ukajipandisha wewe. Nilifanya hivyo wiki ya kwanza. Nilimwambia mteja kwamba mimi mtukufu nimejaalia kumletea supu, na mzee wa watu akainamisha kichwa akacheka ndani ya kitambaa cha mezani.

"Sasa sisi tulio chini tutainuliwa na nani?" nilimuuliza meneja.

"Siku yako ya mapumziko nenda ukale kwingine," akanijibu, bila hata kutabasamu.

Nilikuwa nikifanya mazoezi kwenye chumba chetu Al Mansoura. Naishi na dada mmoja wa Uganda anayepiga deki kwenye shule fulani Muaither. Yeye kwao humpigia mkubwa magoti, tena mpaka chini kabisa, na alikuwa akilala kitandani ananisikiliza ninavyopanda na kushuka na vitenzi vyangu mbele ya kioo. "Dada," aliniambia, "mimi napiga magoti mwenyewe. Wewe umepata kitenzi cha kukupigia." Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini nilikipenda, sitadanganya. Mimi nimelelewa na bibi aliyeweza kukuchapa kwa sababu umemwita mtu mzima jina lake. Kwangu mimi kumpandisha mtu ni kumpenda, na nilipojua kwamba kuna lugha ambayo unaweza kumpandisha mtu akiwa anatafuna tu, nikasema hii ndiyo lugha yangu. Nikazimeza zile sentensi zote. Karibu kwa ujio wako mtukufu. Jaalia kuketi hapa. Jaalia kula kingali moto. Kaa kwa raha zako, usiwe na haraka. Tunaomba radhi, hatuna cha kujitetea. Baada ya muda mfupi meneja akawa ananiweka kwenye meza za Wajapani watupu.

Shida yangu ilikuwa moja tu. Mteja haulizwi habari zake. Hiyo ilikuwa sheria, na ilinikaa kooni. Kwetu ukimwona mtu mara ya tatu bila kumuuliza habari za nyumbani, wewe ndiye utakayeulizwa kama u mzima. Meneja akanieleza kwamba mteja akiulizwa lazima ajibu, na akijibu ameshafanya kazi, na hapa hakuja kufanya kazi. Haya basi. Nikawa namwinua mtu kila wiki bila kujua kama ana watoto.

Ndivyo nilivyokuwa na yule mzee mpaka aliponiambia mwenyewe.

Alikuwa akija kila Ijumaa baada ya sala, saa ile milango ya maduka inapoanza kufunguliwa tena, anakaa meza ya kando ya nguzo. Fundi wa mitambo ya gesi, karibu kustaafu, mikono mikubwa yenye makovu ya kuungua, shati limepigwa pasi mpaka linasimama. Kiingereza chake kilikuwa cha mabomba. Alijua funga, fungua, presha, hatari, moto, simama, ngoja. Zaidi ya hapo hakuhitaji, maana huko kazini hakuna anayekuuliza umeamkaje. Basi tukawa watu wawili tunaokutana kila wiki, yeye na maneno yake ya bomba, mimi na maneno yangu ya sahani, na tulielewana vizuri kuliko unavyodhani.

Ijumaa moja alinionyesha picha kwenye simu. Mama mwenye kofia ya majani, kashika figili nyeupe nene kama mkono wa mtu, anacheka. "Mke wangu," akasema. Halafu akateremsha kiganja chake hewani, polepole, kikashuka mpaka kikagusa meza. "Presha chini. Kila wiki chini."

Nikamwangalia meneja kwa mbali. Hakuona. Nikainama, nikamwambia mzee kile nilichokuwa nacho, yaani kwamba tunaomba radhi na hatuna cha kujitetea. Akainama naye.

Kuanzia siku hiyo nilijua anachokitaka, kwa sababu alikisema kila Ijumaa. Mtambo wao ulikuwa umezimwa wote kwa matengenezo makubwa, na wakati wa matengenezo hakuna anayepewa ruhusa, hasa yeye aliyeujua ule mtambo kuliko waliouunda. Ukishawashwa tena, anaondoka, na harudi. Alikuwa akigusa macho yake, kisha anaigusa picha. "Yeye ona mimi. Mimi ona yeye. Kisha sawa." Hakuomba apone. Kuonana tu. Dada wa chumbani akawa ananiuliza kila Ijumaa jioni kabla hata sijavua viatu: vipi, wameuwasha? Namwambia bado. "Bambi," anasema, neno lao la huruma, na anageukia ukutani.

Kisha Ijumaa moja akaja na sanduku.

Nakumbuka jinsi alivyolisimamisha kando ya nguzo na kulipapasa kama mbuzi aliyemnunua sokoni. "Mashine sawa," akaniambia. "Mimi kwisha. Leo ndege." Uso wake ulikuwa umefunguka wote. Nyumba ya kampuni ameshakabidhi funguo, gari la kumpeleka uwanjani litamfuata hapa hotelini, na kabla ya ndege alitaka kula mara ya mwisho kwenye meza yake. Haki ya nani, siku ile nilimwinua! Nilipanda na vitenzi mpaka nikafika mahali ambapo sijui kama hata Wajapani wenyewe hufika. Alicheka, akaagiza samaki wa kuchoma, supu, na ule uji wa mayai anaoupenda.

Simu iliita akiwa katikati ya supu.

Wao hawapokei simu mezani. Aliinuka, akaenda mpaka karibu na mlango, akatupa mgongo, na nikaona anaiinamia ile simu. Mtu aliye upande wa pili hamwoni, lakini yeye anainama tu, tena na tena. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake na birika mkononi. Na nikaelewa yote. Alikuwa akiongea na daktari, na kwa daktari alitumia Kijapani changu, kile kile cha mezani, vitenzi vya kumpandisha mwenzako na kujishusha wewe. Asante kwa uangalizi wote mliojaalia kumpa. Tumewasumbua kwa muda mrefu. Nimepokea habari kwa unyenyekevu. Alimshukuru daktari kwa maneno yale yale ninayowashukuru nayo watu waliokuja kula samaki. Hakuna aliyenitafsiria, na sikuhitaji.

Akarudi, akakaa, akazinyoosha vijiti vyake vikalingana. Akaniangalia.

"Presha sifuri," akasema. "Mashine simama."

Sasa fikiria wewe. Umesimama na birika. Kwetu ningeshakuwa nimeketi, nimemshika mkono, mtu mwingine anakimbilia chai, mwingine anampigia ndugu yake, watu wanajaa mpaka msiba wenyewe unakosa pa kukaa. Na mimi ninafungua mdomo, na kinachotoka ni kile cha siku zote: tunaomba radhi, hatuna cha kujitetea. Sentensi ya supu iliyochelewa. Mzee akasimama kabisa, akainama, akasema hapana, yeye ndiye anayeomba radhi kwa kutusumbua wakati wa chakula. Nikainama chini zaidi. Naye akashuka chini zaidi. Tukaendelea hivyo, wawili wazima, tunashindana kushuka, na mke wa mtu amekufa. Nilitamani kupiga kelele.

Nikakimbilia kwa meneja nyuma ya pazia. Nikamwambia mke wa mzee amefariki, nipe neno. Lazima liko neno.

"Liko," akasema.

"Basi nipe."

Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshika glasi safi anaifuta. Akanieleza polepole kwamba mzee hakuuambia mkahawa. Ameniambia mimi, kwa maneno ya mashine, ili asije akalazimika kusema kweli. Tukimpa lile neno la rambirambi atalazimika kusimama, kuinama, kutoa shukrani zake za msiba, mbele ya watu, akiwa peke yake bila ndugu. "Mwache ale," akasema. "Jifanye hujui. Usiache chochote kipungue mezani kwake." Na kwa vile alikuwa na kikao na wakubwa wa hoteli ghorofani, akavaa koti lake akaondoka. Ile glasi aliyokuwa akiifuta aliiacha na alama za vidole vyake, jambo ambalo sijawahi kuliona tena.

Nilikasirika, we! Nilisimama pale nyuma ya pazia nikizungumza peke yangu Kiswahili. Heshima gani hii ya kumwacha mtu atafune msiba wake peke yake? Lakini nilirudi ukumbini, maana ningeenda wapi.

Mzee alimaliza chakula chote. Mpaka punje ya mwisho ya wali. Wateja wengine wakaondoka, kila mmoja akisindikizwa na kelele zetu za shukrani, mpaka ukumbi ukabaki yeye na sanduku lake. Kati ya chakula cha mchana na cha jioni sisi hufunga, lakini mteja aliye ndani hafukuzwi, hata akilala. Nikamwendea. Nikaonyesha juu, nikafanya mkono kama bawa. "Ndege? Saa?"

"Ngoja," akasema. Akagusa kifua chake, pale penye mfuko wa shati. "Mashine moto. Ngoja poa."

Hata mimi ninajua kwamba mtambo ukizimwa ghafla haushikwi. Unaachwa upoe. Basi nikamwacha apoe. Simu yake alikuwa ameizima na kuilaza kifudifudi kando ya sahani. Nilichoweza kufanya ni chai. Nikamjazia kikombe. Kila nikikijaza ninasema ile sentensi inayokwenda na chai, kwamba akae kwa raha zake na asiwe na haraka, kwa sababu birika na hiyo sentensi nilifundishwa pamoja na sasa haviachani. Aliinamisha kichwa akanywa. Kikombe kikafika nusu, nikajaza. Kwetu kikombe cha mfiwa hakiachwi kitupu. Ikiwa nimenyimwa neno, basi angalau chai yangu imwambie kwamba kuna mtu.

Akanywa, nikajaza. Jua lilihama kutoka meza yake likaenda meza ya pili. Mara moja wasiwasi ulinishika nikajaribu kutafuta namna ya kumwambia ainuke. Jamani, hakuna! Katika Kijapani chote nilichopewa, hakuna kitenzi cha kumwambia mteja aondoke. Kuna sentensi moja tu inayokaribia, ile ya kutangaza kwamba jikoni panafungwa na hii ndiyo nafasi ya mwisho kuagiza. Niliishika ulimini. Nikamwangalia yule mzee, mabega yake yalivyokuwa, nikaona kumwambia hivyo ni kumtupa nje na sanduku lake. Nikaimeza. Nikajaza kikombe.

Meneja aliporudi alisimama mlangoni kama aliyeona moshi. Aliangalia mzee, akaangalia sanduku, akaangalia birika langu. Alikuwa amekutana na dereva wa kampuni pale chini, anazunguka, amepiga simu mpaka amechoka.

"Acha kumimina," akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. "Hawezi kuinuka. Ukimmiminia lazima anywe. Kwake kuacha chai ya mtu aliyemmiminia kwa moyo ni tusi."

Nikabaki nimeshika birika. Yeye alikuwa akinywa kwa ajili yangu, na mimi namimina kwa ajili yake.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Meneja alimwambia kitu kifupi, mzee akatazama saa, akasimama. Mimi nikalinyakua sanduku, kinyume cha sheria zote, nikatoka nalo, naye akanifuata. Wenzangu walioona mteja anatoka wakafanya walichofundishwa: wakapanga mstari na kuimba kwa sauti kwamba tunasubiri kwa unyenyekevu urudi tena kwa utukufu wako. Na mzee, na haraka yake yote, akageuka akawainamia mmoja mmoja. Nilitaka kumsukuma. Wallahi nilitaka kumsukuma mgongoni.

Barabara za Ijumaa jioni nazijua. Watu wote wa Abu Hamour wanaotoka makanisani, maana hapa ibada ni Ijumaa, na wote wanaokwenda madukani wako njiani. Nikaanza kuandaa meza za jioni, mikono inafanya kazi, moyo uko kwenye lile gari. Nilimwomba Mungu aicheleweshe ndege. Nilimwomba kwa Kiswahili, kwa vitenzi vya kawaida, kama mtu anayegombana naye.

Mzee alirudi kabla hatujawasha taa za nje. Na sanduku. Mlango wa ndege ulikuwa umeshafungwa. Nyumba hana tena, funguo amekabidhi, na dereva hakujua pengine pa kumpeleka. Aliingia, na mhudumu wetu mmoja asiyejua lolote akapaza sauti kumkaribisha kwa ujio wake mtukufu. Mzee akaja moja kwa moja mpaka nilipokuwa. Akainama. Akaniomba radhi kwa usumbufu, akanishukuru kwa chai. Ilikuwa nzuri sana, akasema, amejaaliwa kuipokea. Alitumia kitenzi cha kujishusha, yeye kwangu.

Meneja alimpatia chumba hotelini, sijui aliwaambia nini wakubwa. Usiku ule na kesho yake tulitafuta njia, yeye kwa simu, mimi kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Ndege ya Jumamosi ilikuwa imejaa. Za kupitia miji mingine zingemfikisha kwao akiwa ameshachelewa, maana mji wake uko mbali, kuna treni tena baada ya ndege. Na mwili kwao hauzikwi, unachomwa, na zamu ya kuchoma ilikuwa imeshapangwa Jumapili mchana wa kwao, ambao hapa Doha ni asubuhi. Nikamwambia meneja wawaombe wasogeze, si ni mume wake, bwana! Akasema kaka wa mzee ameomba. Zamu hazisogezwi.

"Na wewe umekosa nini?" dada wa chumbani aliniuliza, maana sikula. "Umemzuia kwa kamba? Mtu mzima anajua saa ya ndege yake."

Nilimwambia anajua. Labda ndiyo sababu hakuinuka, sijui. Alikuwa akienda kuonana na mke wake, na sasa hakuna wa kumwona yeye. Yalikuwa yamebaki macho ya mzee peke yake. Dada akaniwekea chakula changu chini ya kifuniko.

Jumapili nilitakiwa kuingia kazini adhuhuri. Niliingia asubuhi. Meneja alikuwa ameshafika, ameizima redio ya ukumbini, ametandika meza ya kando ya nguzo kitambaa cheupe na kuweka ua moja kwenye glasi. Alimwambia mzee ashuke aagane na mke wake hapo, badala ya chumbani peke yake na televisheni. Mzee alishuka amevaa suti nyeusi. Alikuwa nayo ndani ya sanduku. Alikuwa ameifungasha kabla ya ile simu, kwa hiyo alijua, muda wote ule alipokuwa akisema kisha sawa.

Kaka yake akapiga kwa video. Mzee aliiegemeza simu kwenye chupa ya sosi, ikaanguka. Akaiegemeza tena, ikaanguka. Akanitazama, akaniomba nimshikie, kwa kitenzi cha juu kabisa, kile ambacho mimi huwapa wateja. Nikasogea, nikaishika simu kwa mikono miwili mbele ya uso wake.

Mwanzoni nilielewa. Aliwashukuru ndugu, aliomba radhi kwa kuwa mbali, alimshukuru mtu wa mazishi kwa kazi yake njema, yote kwa Kijapani cha mezani, vitenzi vikipanda na kushuka kama nilivyofundishwa. Kulikuwa na watu waliovaa nguo nyeusi, kulikuwa na maua mengi. Kisha kaka yake akaichukua simu yake akaipeleka mpaka juu ya jeneza, akaishusha, na kwenye kioo ukabaki uso mmoja, mdogo, mweupe, umezungukwa na maua.

Meneja alipouona alinyanyuka. Yeye ndiye pekee pale ambaye angeelewa kila kitu. Alitoka ukumbini akaufunga mlango nyuma yake.

Mzee akasogea karibu mpaka pumzi yake ikagusa vidole vyangu, akaanza kuongea na mke wake. Sijawahi kusikia Kijapani kile. Maneno yalikuwa mafupi, yamekatwa, hayapandi wala hayashuki, mengine ni sauti tu, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili bila kuinua kichwa. Alimuuliza kitu. Alisubiri. Alicheka kidogo, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, akamgombeza kwa jambo fulani, nadhani alimgombeza, akaendelea. Nilitega sikio nikitafuta kitenzi kimoja tu ninachokijua, kula, kuja, kuketi, chochote. Mikono ilikuwa ikiniuma na sikuishusha. Aliongea naye muda mrefu, mpaka mkono wa mtu ukaingia kwenye kioo umeshika kifuniko. Na mimi niliyekuwa pale, karibu naye kuliko mtu yeyote duniani, sikuelewa hata neno moja.